Nilimwambia Mama Mkwe ni Kondoo Tu

Mliniacha uani kwa mama mkwe wangu, pale Kibuli, nimeshika kamba za kondoo dume wawili na jasho linanitiririka. Tangu Jumamosi iliyopita nimesimama hapo hapo, ndugu msomaji, kwa hiyo niruhusu nipumue kidogo kabla sijaendelea kujianika.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Oduor, Mjaluo wa Alego, mwaka wa kumi na tatu huu niko Kampala. Nilikuwa fundi simu Nakivubo mpaka jengo letu lilipobomolewa na vibanda vikaenda nalo. Nikakaa nyumbani miezi saba nikitazama ukuta, huku mke wangu Apio, koplo wa polisi, akinilisha mimi na watoto.

Ndipo baba mkwe wangu, Mzee Olanya, askari mstaafu kutoka Gulu, akapata kampuni ya sola iliyotaka kukodi shamba lake la ekari kumi na mbili, kule mbele ya Mukono. Kampuni ilitaka pia mtu wa kuchunga kondoo humo ndani, ili wale nyasi zinazoota chini ya paneli. Mashine ya kukata nyasi hurusha mawe na kuvunja vioo. Mbuzi hupanda juu na kutafuna waya. Ng'ombe huegemea nguzo akazilaza. Kondoo hana makuu, anakula na kulala. Kazi hiyo ikawa yangu kabla hata shamba halijakodishwa.

Lakini kampuni ilitaka na mke wa Mzee akubali kwa dole gumba. Mke huyo ni Mama Kulusum, Mwislamu wa Kibuli, ambaye hakutaka hata kusikia habari ya kukodisha. Nikatumwa mimi na karatasi.

Nikamwambia, "Mama, ni karatasi ya kondoo. Shamba litakuwa la kondoo tu." Sikutaja sola. Sikutaja miaka ishirini na mitano. Akasema niiache karatasi mpaka baada ya swala, na asubuhi Apio akaniletea ikiwa na dole.

Hiyo ndiyo dhambi niliyoungama wiki iliyopita. Hii ya leo ni mtoto wake.

* * *

Siku ile ya kamba na jasho, mwaka mmoja na nusu baada ya lile dole, Idd ya kuchinja ilikuwa kesho yake. Nilikuwa nimemwahidi Mama Kulusum madume wawili kutoka shambani, na ahadi hiyo ilinipa cheo. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa "yule Mkenya". Tangu nianze kuchunga, nilikuwa "mkwe wangu wa kondoo", tena mbele ya majirani.

Abdu ndiye aliyeanza balaa. Ni mpwa wake Mama, ana bucha chini ya kilima, na hakuna mnyama anayechinjwa kwenye ukoo huo kabla hajapita mikononi mwake. Alimfungua kinywa dume wa kwanza, akatazama meno. Akapapasa miguu. Akampiga kofi la mgongo, akatabasamu.

Kisha akashika kichwa, na tabasamu likaisha.

"Ssebo, bwana wangu, sikio ya huyu ilienda wapi?"

"Ni alama hiyo," nikasema kwa majivuno. "Nilikata mwenyewe."

"Na huyu mwingine?"

"Naye. Wote. Ndivyo baba yangu alivyofanya kule Alego. Unakata nusu ya sikio la kushoto, hata akipotea mpaka mpakani atarudishwa."

Kampuni ilikuwa imeniagiza niwatie kondoo alama, wasichanganyike na wa majirani. Walisema wataleta vile vibandiko vya njano vya plastiki vya kubana sikioni. Vibandiko havikuja, nami nikanoa kisu. Kondoo sitini na wawili, siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyeoza sikio. Nilijiona fundi kweli kweli.

Abdu akamgeukia shangazi yake, aliyekuwa mkekani akichambua mchele.

"Shangazi, hii haiendi. Nusu ya sikio haiko."

"Haiendi wapi?" nikadakia. "Kwani nyama iko sikioni?"

Jirani aliyekuwa anaanika nguo alibaki na kibanio mkononi.

"Mkwe wangu," Mama Kulusum akasema taratibu, "ya Idd inatakiwa kamili. Macho kamili, miguu kamili, sikio kamili. Mungu hapewi kilichokatwa. Miaka kumi na moja umeoa kwangu, hakuna mtu alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Mimi ni mtu wa kanisa. Kila Idd nilifika nimeoga, nikala, nikashukuru, nikaondoka na cha kufungashiwa. Sikuwahi kufikiri yule mnyama alichaguliwaje. Niliona haya mpaka masikio yangu mwenyewe yakawaka moto.

"Nitakimbia sokoni, Mama. Nitaleta wengine."

"Sokoni? Bannange! Nimewaambia wanawake wa Kibuli wote kwamba mwaka huu nachinja kutoka shamba langu. Shamba langu, Oduor, si soko. Wapo waliozaliwa baada ya kisu chako?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Lakini mimi nina ugonjwa mmoja: mahali pa kusema kweli nasema uongo, na mahali pa kunyamaza nasema kweli.

"Wapo, Mama. Madume wanne, wana miezi minane. Masikio yao mazima."

"Abdu, wanafaa?"

"Kondoo ya miezi nane kama imenona, inafaa."

"Kale. Washa gari. Naenda kuchagua mwenyewe."

Mkono wangu ukaachia kamba, na dume mmoja akaenda moja kwa moja kwenye mchele.

"Mama, mimi nitakuletea. Masaa matatu tu, nitakuwa nimerudi."

"Wewe? Utaniletea mwenye mguu mmoja, useme ni alama."

Jirani akacheka. Abdu akacheka. Mimi nilicheka pia, kwa sababu mtu anayezama hana budi kupunga mkono.

* * *

Apio akatoka ndani, kavaa sare, alikuwa aingie zamu jioni. Alipoambiwa safari ni ya wapi, alishika nguzo ya mlango.

"Mama, kule matope mingi. Na magoti yako?"

"Magoti yangu yanainama mara tano kwa siku. Yatashindwa kupanda pikapu ya Abdu?"

"Baba alisema tusiende bila yeye."

"Baba yako yuko Gulu anajenga. Mwaka mzima anajenga. Mimi naenda kuona changu."

Apio akanivuta nyuma ya gari. Nilidhani anataka kunikemea. Nilikuwa tayari, maana alijua nilichomwambia mama yake. Usiku ule ule nilimweleza, naye akazima taa.

"Pigia Obwona simu," akaninong'oneza. "Mwambie afunge geti. Aseme kuna ukaguzi, aseme kuna nyoka, aseme chochote."

"Apio, mwenye kosa ni mimi. Mbona wewe unatetemeka kuliko mimi?"

"Piga simu, Oduor."

Obwona ni mlinzi wa geti, mwanajeshi wa zamani, aliwahi kukaa kambi moja na baba mkwe. Alipokea mara moja.

"Obwona, leo usifungulie mtu geti."

"Hiyo haiwezekani, Oduor. Bosi Travis iko hapa tangu asubuhi. Anauliza wewe. Watu ya kukopesha kampuni wanakuja wiki kesho kuangalia mapepa ya shamba. Anataka kuona wenye shamba, wote mbili."

Nikakata simu. Kumbe nilikuwa namkwepesha mama mkwe na mtu anayemtafuta.

Mama Kulusum alikaa mbele na Abdu. Mimi na Apio tukapanda nyuma na wale madume wawili wa nusu sikio, maana Abdu alisema warudi walikotoka. Kioo cha nyuma cha pikapu hakikuwepo, kwa hiyo nilisikia kila neno, na ningeomba nisisikie.

Mpaka tunapita Kyambogo, Mama alikuwa keshajenga.

"Vyumba vitatu tu, Abdu. Sitaki kubwa. Mlango wa mbele unatazama kibla. Pale palipokuwa na muhogo, hapo ndipo nyumba. Kondoo watakaa kule chini kwenye majani, hawatanisumbua."

"Na mzee Olanya je, Shangazi?"

"Olanya ana kwao. Akifa, watu wake watakuja na gari na ngoma, watampeleka Gulu. Mimi baba yangu alikuwa askari, nimezaliwa kambini, nimekulia chumba cha kupanga, nimezeeka chumba cha kupanga. Nitapelekwa wapi? Wewe utanipeleka wapi, Abdu?" Akacheka. "Lile shamba ndilo kijiji changu. Nilimwambia Olanya siku tunalinunua: hili usiliguse."

Nilimtazama Apio. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea kifungo cha sare yake mpaka uzi ukakatika. Nilitamani kuruka barabarani. Sikuruka, kwa sababu mimi ni mwoga, na mwoga huwa anafika salama mahali asipopataka.

* * *

Obwona akafungua geti, akampigia Apio saluti, akachungulia mbele.

"Mama ni nani?"

"Mimi Kulusum. Mke wa Olanya."

"Mwenye shamba!" Obwona akapiga mguu chini kijeshi. "Karibu, Mama. Mwaka mzima nalinda mali yako, leo ndiyo naona sura."

Pikapu ikaingia hatua ishirini hivi, ikasimama. Mama Kulusum akashuka, akashika mlango.

Mbele yake hakukuwa na muhogo. Kulikuwa na paneli, safu kwa safu, kutoka uzio huu mpaka ule, zote zimeelekea upande mmoja kama watu walioambiwa geuka. Jua lilikuwa linazipiga, ikabidi akinge macho kwa mkono.

"Hii ni nini?"

Abdu alinitazama. Obwona alinitazama. Apio alitazama buti zake.

"Ni sola, Mama," nikasema.

"Na kondoo?"

"Wako chini yake."

Akainama. Magoti yalilia, nikayasikia. Kweli walikuwepo: kundi zima limelala kivulini, linacheua, halina habari na mtu. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru kutukanwa.

"Kweli," akasema. "Hukunidanganya, mkwe wangu. Kondoo wapo."

Ndugu msomaji, nimefukuzwa kazi, nimevunjiwa kibanda, nimelazwa rumande siku moja kwa simu ya wizi ambayo sikujua ni ya wizi. Hakuna neno lililowahi kunichoma namna ile.

"Wataondoka lini?" akauliza.

"Kondoo?"

"Hivi vioo, Oduor. Wataviondoa lini nijenge?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijajibu, Travis akatoka mbio kwenye ofisi yake ya kontena, kijana nadhifu wa kampuni, faili kwapani, uso umejaa furaha.

"Mama Kulusum! Hatimaye! Njoo, njoo kivulini. Nyabo, mama yetu, sisi tunakusifu kila mkutano. Wanawake wengi hukataa, wewe ulikubali siku moja tu."

"Nilikubali?"

"Na dole lako ni hili hapa." Akafungua faili, akaliweka juu ya meza ya plastiki mbele ya kontena, akamvutia Mama kiti. "Nahitaji kitu kidogo tu leo. Ngoja nilete soda kwanza. Mgeni kama wewe hakai mdomo mkavu."

Akaingia ndani ya kontena. Abdu, mwenye akili kutushinda wote, akasema anakwenda kuwaona wale madume wa miezi minane, akamvuta Obwona waende pamoja.

Tukabaki watatu na faili.

Mama Kulusum aliivuta karatasi karibu na macho. Hasomi, lakini anaona vizuri. Akaitazama ile alama ya wino, kisha akageuza mkono wake wa kulia, akaweka dole lake gumba kando yake.

Dole lile lina kovu lililokatiza katikati, kutoka kucha mpaka ubavuni. Mlango wa lori la jeshi ulimponda akiwa mtoto. Hata wenye mashine ya vitambulisho walilikataa mara tatu, wakaishia kuchukua la kushoto.

Alama iliyokuwa kwenye karatasi ilikuwa nzima. Laini. Haina mkwaruzo.

"Hili si langu," akasema.

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimebeba dhambi ya kumlaghai mama mkwe akaweka dole, kumbe hakuweka.

"Ile karatasi yako ya kondoo niliiacha juu ya meza," akaendelea, sauti chini. "Asubuhi sikuikuta. Nikadhani umeichukua, umebadili nia. Nilimshukuru Mungu. Sasa hili dole la nani?"

Akili yangu ikakimbia haraka kuliko ilivyowahi. Nani aliniletea karatasi? Nani alizima taa? Nani ametetemeka tangu asubuhi?

"Ni langu, Mama," nikasema. "Niliweka mimi."

Mama Kulusum alitazama mkono wangu, haya madole yangu ya Kijaluo, mapana kama vijiko vya mchuzi. Akatazama ile alama ndogo.

"Mwongo," akasema, bila hasira. "Hata kusaidia unasaidia kwa uongo."

"Ni mimi, Mama," Apio akasema.

Alisimama wima, kofia mkononi, vile wanavyosimama mbele ya mkubwa wao kituoni.

"Baba alinipigia simu. Analia. Anasema anataka kufia kwao, na bila ile pesa ya kukodisha hawezi jenga hata choo. Na huyu," akanionyesha kwa kidevu, "alikuwa amekaa nyumbani miezi saba. Haongei. Nilikuwa naogopa kurudi jioni nikute amejinyonga. Nilijua mtu akikusomea yote, utakataa. Nikaichukua pale mezani, nikaweka dole yangu."

"Ulijua ni sola?"

"Nilijua."

"Ulijua ni miaka mingapi?"

"Nilijua, Mama."

Nililia. Sioni aibu kuandika. Sikulia kwa ajili ya shamba. Nililia kwa sababu mwaka mmoja na nusu nilijiona mimi ndiye mbaya wa nyumba ile, na yeye amelala kando yangu na mzigo mzito kuliko wangu, hanigusi, hasemi. Na kisa chake ni mimi.

"Ukisema si lako, shamba linarudi," Apio akasema. "Sema tu. Mimi nitavua hii nguo. Nitajibu mwenyewe."

"Na watoto wako?"

Watoto wetu wawili wanasoma hapo hapo Kibuli, kwa mshahara wa hiyo sare na wa hao kondoo.

* * *

Travis akarudi na soda nne na kidau cha wino.

"Sasa, Mama. Wakopeshaji wanataka kila mwenye ardhi athibitishe upya. Nakuuliza swali moja: lile dole la kwanza ni lako? Kama ni lako, unaweka lingine kwenye fomu hii mpya, na hii ndiyo itakayosomwa kuanzia leo. Ile ya zamani hakuna atakayeifungua tena."

"Na nikisema si langu?"

Travis akacheka, kama mtu aliyeambiwa mzaha. "Basi naandika halijathibitishwa, faili linakwenda kwa wanasheria, wanasheria wanakwenda polisi. Hapo si kazi yangu tena. Lakini ni lako, Nyabo. Si ndiyo?"

Mama Kulusum akasogeza kidau. Akabonyeza dole lake la kovu ndani ya wino, taratibu, akaliinua juu ya fomu. Apio alifumba macho.

"Oduor," akasema. "Nisomee."

"Fomu, Mama?"

"Fomu. Na ile ya kwanza. Yote. Safari hii usiruke kitu."

Nikasoma. Nilisoma kwa Kiswahili changu kibovu kilichokuwa kinatafsiri Kiingereza cha mawakili, sentensi kwa sentensi, naye dole lake liko hewani. Nikasoma kwamba hakuna ujenzi wa makazi ndani ya uzio. Nikasoma kwamba mwenye ardhi ataingia kwa ruhusa ya kampuni tu. Nikafika kwenye miaka, nikataka kugeuza ukurasa.

"Soma."

"Ishirini na mitano, Mama. Na kampuni ikitaka, inaongeza kumi."

"Mimi nina sitini na minne," akamwambia Travis, kama anayempa taarifa.

Travis alianza kuona kwamba kuna jambo. Aliacha soda yake, akanitazama mimi, akamtazama Apio, akatazama saa.

"Mama, ripoti yangu inaondoka leo saa kumi na moja. Naomba jibu tu. Ndiyo au hapana."

Mama Kulusum akasimama. Akaja mpaka mbele yangu, karibu kuliko alivyowahi kusimama.

Kwetu, mama mkwe na mkwe hawagusani. Hata mkono hawapeani. Miaka kumi na moja nimemwamkia Mama Kulusum kwa kuinama, hatua tatu mbali, naye amenijibu hivyo hivyo, kwa sababu hata kwao heshima ni hiyo. Siku hiyo aliuinua mkono wake, akaweka lile dole kifuani pangu, juu ya shati jeupe nililolivaa kwa ajili ya Idd, akalikandamiza kwa nguvu mpaka nikahisi mfupa.

Kisha akaninong'oneza, mimi peke yangu.

"Siwezi kwenda kuswali Idd nimetoka kusema uongo. Na siwezi kwenda kuswali nimetoka kumfunga mtoto niliyemzaa. Wewe mwenye maneno mengi, niambie nafanya nini."

Nikatazama doa la wino kwenye shati.

Akavua viatu vyake, akaviweka sawa kando ya meza. Akatembea peku kwenye nyasi mpaka safu ya tatu, pale nadhani palipokuwa na muhogo wake. Akainama chini ya paneli, akawasukuma kondoo wawili, akakaa chini akiwa ameegemea nguzo. Kondoo mmoja akarudi kulala miguuni pake.

"Mama, hairuhusiwi!" Travis akaita. "Geti linafungwa saa kumi na moja, hakuna mtu anayebaki ndani. Ni sheria ya usalama. Koplo, mtoe mama yako."

Apio aliitazama kofia iliyokuwa mkononi mwake. Akaiweka juu ya meza, juu ya faili, akatembea akaenda kukaa kando ya mama yake. Hawakutazamana. Sikujua kama amekwenda kuomba msamaha au kusubiri hukumu, na sidhani hata yeye alijua.

Travis akashika simu, akaanza kutafuta namba. Nilisimama nimeziba kifua kwa kiganja, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa, maana alama kwenye shati langu ilikuwa na kovu katikati, ile ya kwenye faili haina, na yule kijana si kipofu.

Abdu akaja anaburuta dume mmoja mnono, masikio yake mazima, anatabasamu. Tabasamu likamfia mdomoni.

Nyuma yake alikuwa Obwona na kufuli la geti mkononi. Alimtazama Travis anayepiga simu, akawatazama wanawake wawili chini ya sola, halafu akaja kwangu mimi. Sijui kwa nini watu huja kwangu.

"Oduor," akaniuliza, "sasa hii geti nafungia watu ndani, ama naacha wazi?"